Acheni kutupimisha afya kwa hela zetu kabla hamjasoma hata cheti cha kuzaliwa (maombi ya urubani)

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, lugha ikinitoka mtanisamehe. Mods, naomba msiuunganishe huu na nyuzi za "nifanyeje niwe rubani". Hapa hatuulizi njia, hapa tunalalamika.

Shirika silitaji. Waliopata ile barua pepe ya kukatwa juzi wanalijua, na wasiolijua watalijua siku likitangaza tena, maana litatangaza tu.

Tangazo lao la marubani wanafunzi lilikuwa tamu sana. Kidato cha sita, PCM au PGM (Fizikia na Hisabati, pamoja na Kemia au Jiografia), ufaulu mzuri wa Fizikia na Hisabati, Kiingereza cha kueleweka, umri miaka 18 hadi 26. Shirika linakusomesha, ukimaliza unalitumikia kwa mkataba. Chini kabisa, kwa maandishi ya kawaida kama vile wanakuomba picha ya pasipoti: ambatanisha cheti cha afya cha rubani, daraja la kwanza, kiwe hai.

Hapo ndipo donda lilipo.

Kwa asiyejua, hicho cheti si cha kwenda zahanati ya mtaa ukagongewa muhuri. Lazima akupime daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga, kwetu sisi TCAA. Unapimwa macho, unapewa kile kitabu cha Ishihara cha namba zilizojificha kwenye nukta za rangi, unafungiwa kwenye kibanda umevaa hedifoni ubonyeze kitufe kila ukisikia mlio. Unalazwa, unabandikwa nyaya kifuani wasome moyo. Damu, mkojo, maswali ya kifafa na kichaa kwenye ukoo. Ni kipimo cha haki kabisa na sina ugomvi nacho, anayebeba roho za watu lazima apimwe. Ugomvi wangu ni nani analipa, na analipa lini.

Mimi ni mtu wa Songea. Daktari niliyempata yuko Dar. Piga hesabu mwenyewe: basi kwenda na kurudi, kulala kwa binamu Mbagala ambaye naye ana familia, ada ya daktari, vipimo vya ziada alivyoagiza nikafanye kwingine, ada ya cheti. Mama aliuza mahindi ya akiba, na mjomba akaongezea. Hela hiyo imetoka kabla mtu yeyote ofisini kwao hajafungua faili langu kuona kama hata Hisabati nilifaulu.

Sasa sikilizeni mchezo ulivyokwenda. Tukafanya mtihani wa kompyuta, ile ya kukumbuka namba huku unafuata alama kwenye skrini. Nikapita. Tukaitwa usaili, nikapita. Wakasema kozi inaanza karibuni, leteni mdhamini mwenye mali isiyohamishika, nakala ya hati ithibitishwe na wakili. Mjomba akatoa hati ya kiwanja chake, wakili akalipwa. Halafu kimya. Tarehe ya kozi ikasogezwa. Ikasogezwa tena. Simu hazipokelewi, na barua pepe zinatoka kwenye anwani inayosema usijibu.

Kumbukeni hicho cheti cha afya kina umri wake wa kuishi. Mtu wa chini ya miaka 40 anapewa miezi 12 basi. Changu kimefia kwenye droo yao. Nikaandika kuuliza nifanyeje, jibu likaja haraka ajabu, mara hiyo tu ndiyo waliwahi: kapime upya, kwa gharama zako. Nikaenda. Ndiyo, nilienda, kwa sababu nilishapita kila hatua na mtu akishafika pale hawezi kurudi nyuma.

Juzi wananiandikia kwamba nimeondolewa kwa kuwa nimevuka umri. Umri, wanasema, unahesabiwa siku ya kuanza kozi, si siku ya kuomba.

Nani kasogeza siku ya kuanza kozi, mimi?

Siku natuma maombi nilikuwa ndani ya umri. Siku ya mtihani, ndani. Siku ya usaili, ndani. Nimezeekea kwenye foleni yao wenyewe, halafu uzee huo nahukumiwa mimi. Na tarehe yangu ya kuzaliwa haikuwa siri, ipo kwenye cheti cha kuzaliwa, kiambatanisho cha kwanza kabisa. Mwenye akili timamu angeiona, akasema huyu bwana tukichelewa atapitiliza, tumwambie mapema asipoteze hela ya kipimo cha pili. Ni sawa na kudaiwa mahari yote hadi ndama wa mwisho, halafu siku ya harusi ndiyo unaulizwa we ni kabila gani.

Na hiyo 26 yenyewe imetoka wapi? ICAO, ambao ndio wakubwa wa anga duniani, wanaweka umri wa chini: 18 kwa leseni ya rubani wa biashara, yaani ya kuruka kwa malipo, 21 kwa ile ya juu kabisa ya ATPL. Juu wanaruhusu rubani wa ndege ya abiria yenye marubani wawili aruke safari za kimataifa mpaka afike miaka 65. Mimi mbele yangu kuna karibu miaka 40 ya kuruka. Shirika lina haki ya kupanga wanaotaka kuwasomesha, sawa, lakini sheria yetu ya ajira na mahusiano kazini ya 2004 imetaja umri kati ya mambo ambayo mwajiri haruhusiwi kubagulia, na inamgusa hata anayeomba kazi, isipokuwa kama kazi yenyewe inadai hivyo. Wanasheria mliomo humu njooni mtusaidie: kazi ya urubani inadai uwe chini ya 26 kwa sababu gani hasa?

Sikuwa peke yangu. Siku ya usaili kulikuwa na dada katoka Bukoba, mtu kichwa kweli kweli, kapita mtihani kwa alama za juu. Wakamvua viatu, wakampima urefu, wakamwambia pungufu, rudi nyumbani. Urefu haukuwa kwenye tangazo! ICAO hawana futi walizoweka. Kinachotakiwa ni mtu afikie pedali na vifaa na aone nje vizuri, na kiti cha rubani kinasogea mbele, nyuma, juu na chini. Hawakumkalisha kwenye kiti chochote. Walikuwa na utepe wa fundi cherehani.

Jamaa mwingine miwani ndiyo iliyomponza. Viwango vinasema uone 6/9 kila jicho na 6/6, yaani uoni wa kawaida, kwa yote mawili, kwa miwani au bila miwani. Daktari aliyeidhinishwa na TCAA alimpima akiwa kaivaa, akampa cheti. Kumbe basi cheti walikitaka cha nini kama mtu wa usaili anatoa hukumu kwa kumtazama usoni?

Najua mnaotaka kuja na "acha kulia, kajisomeshe". Haya. Leseni ya rubani wa biashara inataka saa 200 za kuruka, au 150 ukisoma kozi iliyoidhinishwa mfululizo. Ukienda vyuo vya uwanja wa ndege wa Wilson pale Nairobi au Afrika Kusini unazungumzia makumi ya maelfu ya dola. Wa kwetu wanaotoboa njia hiyo ni wale baba ana ghorofa la kuuza. Na ukimaliza na saa zako 200 bado unakaa benchi, mashirika mengi yanataka mwenye uzoefu. Ndiyo maana sisi watoto wa wakulima tunang'ang'ania hizi nafasi za kusomeshwa, hatuna mlango mwingine. Zamani mlango ulikuwepo: chuo cha Soroti kilianzishwa 1971 na Jumuiya ya Afrika Mashariki kisomeshe vijana wa nchi zote tatu. Jumuiya ikavunjika 1977, chuo kikabaki Uganda, na sisi tukabaki kusubiri matangazo.

Wengine mtasema kila mahali ndivyo ilivyo. British Airways walianzisha mpango wao 2023, wanalipia mafunzo mpaka pauni 100,000 kwa kichwa. Si yetu, unatakiwa uwe na haki ya kufanya kazi Uingereza, lakini muone kwamba mwenye nia huweka hela yake mezani kwanza. Hawa wetu kabla hawajatoa senti wameshakomba za mama zetu.

Jambo la mwisho, na hili naomba mlichukulie kwa uzito kuliko hasira zangu zote. Hawakutaka cheti cha afya peke yake. Walitaka ripoti nzima: damu, moyo, historia ya magonjwa ya familia. Mamia ya vijana tumepeleka. Sasa tumekataliwa, hayo makaratasi yako wapi? Nani anayasoma? Tangu Mei 2023 tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, ile ya 2022, na Tume yake ipo. Taarifa za afya humo ni taarifa nyeti. Mimi nimeshawaandikia wanirudishie ripoti zangu zote mbili, wafute nakala, na warudishe nakala ya hati ya mjomba. Wasipojibu napeleka malalamiko Tume.

Kwa waliokatwa kwa sababu ya umri baada ya kozi kusogezwa: ifiche namba yako ya maombi, weka hapa tarehe uliyoomba na tarehe uliyokatwa, hizo mbili tu. Nazipanga kwenye jedwali moja tupeleke kwa pamoja. Mtu mmoja wanamwona mlalamishi, tukiwa thelathini watatafuta mwanasheria.

Na wewe mfanyakazi wa hilo shirika unayesoma humu kimya kimya, mpelekee bosi wako ujumbe huu: awamu ijayo chujeni karatasi kwanza, mtihani wa pili, usaili wa tatu, afya mwisho kwa wale mliowachukua, na bili mlipe ninyi.