Tupeane uzoefu: kuvua kwenye matawi yaliyozamishwa, siku za upepo

Mwanzisha mada (Goma)

Ndugu zangu wa Goma, Bukavu na Idjwi, kiangazi kimeingia, upepo wa kusini umeanza, na wengi wetu tunaovua kwa ndoano katika mitumbwi midogo tuna marundo ya matawi tuliyoyazamisha karibu na ufuko wa Ziwa Kivu ili kuvuta samaki. Naomba kila mmoja aeleze yaliyompata yeye mwenyewe, asilete ya kusimuliwa.

Naanza mimi. Miaka mitatu iliyopita, mimi na mdogo wangu tulikata matawi ya mikaratusi, tukayafunga pamoja na magunia mawili ya mawe ya lava, tukayazamisha upande wa Kyeshero katika kina cha mita tano hivi. Mahali penyewe tulipatafuta kwa siku kadhaa, kwa sababu ufuko wa Kivu huteremka ghafla, ziwa hufikia kina cha mita 485, na chini ya mita 60 hivi maji hayana oksijeni. Rundo likiporomokea huko halitaona samaki kamwe. Baada ya wiki chache matawi yalishika utelezi wa kijani, na tilapia wakaanza kuja kuula.

Siku moja ya mwezi wa saba, saa nne asubuhi, upepo ulitukuta pale juu. Sisi wa Goma tuko kaskazini kabisa, na ziwa lina urefu wa kilomita 90 hivi, kwa hiyo mawimbi ya upepo wa kusini hutufikia yakiwa yamekwisha kukua. Kosa langu lilikuwa kutupa nanga katikati ya matawi, nikidhani kwamba kukaa juu ya samaki ndiko kuwapata. Nanga ikanasa. Kamba ilikuwa fupi, ya mita kumi tu, na kila wimbi lilipoinua mtumbwi, kamba iliuvuta mdomo wake chini hadi maji yakaingia juu ya ubao wa mbele. Mdogo wangu aliyachota kwa beseni, mimi nikaikata kamba kwa kisu cha kuparulia samaki, na mikono yangu ilitetemeka kiasi kwamba nilijikata kidole kabla ya kuikata kamba.

Tangu hapo tunalipita rundo kwa mbali, tunaenda upande upepo unakotoka, tunatupa nanga huko, kisha tunaachia kamba polepole hadi mkia wa mtumbwi ukaribie matawi bila kuyafikia. Chambo huangukia ukingoni mwa rundo, na samaki akishika tunamvuta kuja kwetu, mbali na vijiti. Lakini angalieni jambo moja: kwa kuwa upepo wetu hutoka ziwani, nanga huangukia kwenye kina kikubwa kuliko cha matawi. Kamba ipimwe kwa kina cha nanga, mara nne yake au zaidi, na wala isipimwe kwa kina cha rundo.

Mama wa Nguba (Bukavu)

Asante, kaka, na pole kwa kidole. Kwetu Bukavu ghuba hutukinga na mawimbi makubwa, lakini upepo huzunguka kati ya vilima, na mtumbwi wenye nanga moja huyumba kulia na kushoto kama mbuzi aliyefungwa kambani. Nilikuwa nikishusha mshipi penye matawi, na kabla chambo changu, donge la fufu (ugali), halijafika chini nimeshasogezwa mbali nayo. Sasa, nanga ya mbele ikishashika, nashusha jiwe la pili nyuma, dogo, kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja. Nafanya hivyo upepo ukiwa mdogo tu. Ukikua, jiwe la nyuma hutolewa kwanza, kwa maana mtumbwi uliofungwa mkia hupokea wimbi kwa nyuma na kujaa mara moja.

Mzee wa Idjwi

Wanangu, mmesema vema juu ya nanga, nami niongeze juu ya mshipi. Upepo huupinda mshipi ukawa kama upinde, nawe usihisi samaki anapoonja. Shusheni mkono hadi karibu na maji, ili sehemu inayopigwa na upepo iwe fupi, na muongeze risasi (kizito cha mshipi) kidogo. Tilapia mara nyingi hulinyanyua donge kabla ya kulivuta, kwa hiyo mshipi ukilegea bila sababu, kazeni. Na wale vijana wanaoniuliza kwa nini hawapati sambaza (samaki wadogo mfano wa dagaa) kwenye matawi: sambaza waliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959, nao ni samaki wa maji ya wazi, wanaovuliwa usiku kwa taa na wavu. Matawini mtapata tilapia, na kambale chini kabisa.

Kijana wa Himbi (Goma)

Shikamoo mzee. Ndoano yangu ikinasa kijitini wakati upepo unavuma, mtumbwi wote unauvuta mshipi hadi ukatike. Nifanye nini?

Mzee wa Idjwi

Marahaba, mwanangu. Usishindane nayo. Ikiwa upepo umekusukuma ukakipita kijiti, vuta kamba ya nanga usogee mbele, mshipi ulegee, risasi ishuke yenyewe. Mara nyingi ndoano hujitoa. Tumia ndoano ya waya mwembamba, inayonyooka kabla mshipi haujakatika.

Mvuvi wa Kituku (Goma)

Mimi natoka alfajiri, kabla upepo wa mchana haujaamka. Tangu boti lilipozama mbele ya Kituku tarehe 3 Oktoba 2024, mke wangu haniruhusu kugusa kafi bila jaketi la kujiokoa, na namshukuru.

Kuhusu kukata kamba, kaka mwanzisha mada, mimi mwisho wa kamba ya nanga naufunga kwenye bidoni (dumu) tupu ya njano. Mwezi uliopita upepo ulinibana pale pale ulipokubana wewe, na nyuma yangu kulikuwa na miamba ya lava. Sikujaribu kung'oa nanga. Nilifungua fundo, nikaitupa bidoni majini, nikapiga kafi kwa pembeni hadi kwenye mchanga. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi maji yalikuwa yametulia, nikaikuta bidoni ikielea palepale, na nanga ikatoka kwa mkono mmoja.