Kuliongezea joka uhai kimyakimya si kutengeneza pambano gumu, ni kutupotezea usiku

Wakuu, heshima kwenu. Huu ni uzi wa povu, asiyependa povu apite kimya.

Nimetoka kwenye kikao cha mchezo wa mezani wa kusimulia na kurusha kete, kila mchezaji ana mhusika wake na mwongoza mchezo anawaendesha maadui, ambacho pambano moja limekula saa tatu na nusu. Raundi kumi na moja. Kwa kanuni za toleo la 5 la Dungeons & Dragons, raundi moja ni sekunde 6. Yaani tumekaa saa tatu na nusu kusimulia sekunde 66, na ndani ya hizo 66 hakuna kilichotokea. Joka jekundu limekaa katikati ya pango la duara, tupu kama sufuria iliyooshwa. Sisi watano tumelizunguka. Zamu ikikufikia unarusha kete ya pande 20, unataja namba, "umelipata", "umelikosa", haya mwingine. Joka nalo linang'ata, linaparura, linang'ata. Tangu raundi ya pili hakuna aliyesogea hata hatua mbili.

Hilo ningelimeza. Kilichonitoa roho ni kwamba mimi ni yule mchezaji anayeandika kila kitu kwenye karatasi (najua, tunaudhi). Joka jekundu lililokomaa, kwa kitabu cha madubwana cha 2014, lina pointi 256 za uhai. Mwisho wa raundi ya sita karatasi yangu inasoma tumeshalipunguzia 271. Joka limesimama. Raundi ya nane tuko 330 na ushee, joka linacheka. Limekuja kufa kwenye 438, na naamini limekufa kwa sababu mwongoza mchezo mwenyewe alishaanza kupiga miayo.

Tena kuna hili la uchawi. Mhusika wangu ni mchawi. Joka la aina ile likishindwa kete ya kujinusuru na uchawi lina haki ya kuamua tu kwamba limeshinda, mara tatu kwa siku. Sawa, kanuni ni kanuni. Nikatumia raundi tatu nzima kuzimaliza nafasi hizo, uchawi wangu mzito wote ukateketea, wenzangu wakanivumilia kwa sababu tulikubaliana kwamba pigo la nne la uchawi litanasa. La nne nikalitupa, joka likashindwa kete, mwongoza mchezo akatazama kitabu, akatazama dari, akasema: "Limekataa." Nikamuuliza, hiyo ni mara ya ngapi? Akanijibu kwamba alitaka pambano liwe la kukumbukwa.

Nitalikumbuka sana.

Sasa niulize, hii tabia mmeitoa wapi? Uhai ni urefu wa pambano, hauna uhusiano wowote na utamu wake. Kama kitu cha busara cha kufanya raundi ya tatu kilikuwa "simama hapohapo upige", ukiongeza uhai 182 umenipa fursa ya kusimama hapohapo na kupiga mara nyingi zaidi. Na mnapolalamika kwamba wachezaji wenu hawasogei, mmesahau kwamba kanuni inawaadhibu wakisogea? Ukiondoka mbele ya adui anakupiga pigo la bure. Mtu mwenye akili timamu haondoki mpaka umpe sababu iliyo kubwa kuliko hilo pigo. Dari linaporomoka. Mateka yuko upande wa pili na kamba yake inaungua. Chochote.

Na uchungu wangu zaidi ni kwamba dawa iko kwenye kurasa zilezile alizotoa ile 256. Joka lile linaruka futi 80 kwa zamu. La kwetu halikunyanyua bawa hata mara moja. Lina vitendo vitatu vya ziada kila raundi, vya kufanya zamu za wengine zinapoisha. Likiwa pangoni kwake, pango lenyewe linapigana: lava inafoka, ardhi inatikisika, gesi ya sumu inajaa. Waliobuni hawakuweka hayo kama mapambo. Walijua adui mmoja mbele ya watu watano anazidiwa kwa zamu, moja kwa tano, kwa hiyo wakampa mambo ya kufanya katikati. Jamaa yetu amevuka yote hayo, akasoma namba moja, akaona ni ndogo.

Ugonjwa wenyewe ni wa zamani. Toleo la 4, la 2008, lilikuwa na madubwana ya kupigana peke yake yenye uhai kama mlima, mpaka vitabu vya baadaye vya toleo hilohilo vikayapunguza uhai na kuongeza makali ya mapigo. Ukirudi nyuma mpaka kanuni za msingi za 1981, kila adui alikuwa na namba ya moyo wa kupigana, kati ya 2 na 12: mwenzao wa kwanza akianguka, au nusu yao wakiisha, unarusha kete mbili za pande sita, ikizidi namba yao wanatimka au wanasalimu amri. Kanuni ya mistari michache! Leo ni lini mara ya mwisho mmeona adui akikimbia mezani kwenu? Goblini, kijidubwana kidogo tu, amebaki peke yake, wenzake saba maiti, bado anashika kisu kama ameapa.

Nikitaja goblini nakumbuka pambano bora nililowahi kucheza. Mwongozaji alikuwa mwingine. Goblini wanane, kila mmoja uhai 7, mtu unampiga mara moja amekwisha. Hawakutaka kutuua. Walikuwa wameiba sanduku letu na wamejipanga juu ya mwamba, wanalirushiana kuelekea mtumbwi uliokuwa unawasubiri chini. Unamuua mwenye sanduku, sanduku linadondoka, mwingine analiokota, anachomoka mikononi mwako na kujificha kama goblini wanavyojua. Mpiganaji wetu akalazimika kuchagua kati ya kuruka kwenye maji na silaha zake zote au kuliacha liende. Akaruka. Dakika arobaini, tumesimama wote, hakuna aliyegusa simu. Jumla ya uhai wa maadui wote: 56.

Mtasema "basi ongoza wewe". Nimeongoza, na mimi pia nimewahi kuweka zimwi mlangoni likaziba njia, wachezaji wakalipiga kwa zamu kama wanapanga foleni, saa nzima. Aibu hiyo ninayo. Ila sikulijaza uhai kwa siri kisha nikaita kumbukumbu.

Jamaa ametangaza kwamba kikao kijacho anakuja pacha wa lile joka, "mwenye hasira zaidi". Kabla sijajitoa kwenye kundi naomba kujua: kuna yeyote humu aliyewahi kumweleza mwongoza mchezo wake haya ana kwa ana, na mhusika wake akafika salama kikao kilichofuata?