Tupeane uzoefu: lochi wako amefikia sentimita ngapi, na kwa miaka mingapi?

NjiroKwetu (Arusha)

Wadau, habari za jioni. Naomba huu uwe uzi wa wafugaji wa samaki wa mapambo, hasa sisi wa Arusha na Moshi tunaofuga lochi, wale samaki wanaokaa chini ya tangi. Kila wiki napigiwa simu na mtu aliyenunua lochi wa mistari, yule wa rangi ya chungwa mwenye mikanda mitatu myeusi, akamweka kwenye tangi la lita 40, na anataka kujua kwa nini samaki wake amedumaa. Linaniumiza kwa sababu yalinikuta mimi mwenyewe.

Nilinunua watano mwaka 2013. Walikuwa na urefu wa sentimita 5, sawa na kidole changu cha mwisho. Muuzaji akanihakikishia kwamba samaki huyu "hukua kulingana na tangi lako", basi nikawaweka kwenye lita 60 na moyo mweupe. Wawili walikufa kwa ugonjwa wa madoa meupe ndani ya wiki mbili. Watatu waliobaki walifika sentimita 9 baada ya miaka miwili, wakasimama hapo. Matumbo yamebonyea, rangi imefifia.

Ukweli ni kwamba huyu ni samaki wa mito ya Sumatra na Borneo, kule Indonesia, na porini hufikia sentimita 30. Wataalamu humwita Chromobotia macracanthus, na alielezwa kitaalamu tangu 1852, kwa hiyo ukubwa wake si habari ngeni. Tangi dogo halimwambii samaki "baki mdogo". Kinachotokea ni kwamba uchafu wake unajaa haraka kwenye maji machache, nitrati (kemikali itokanayo na uchafu huo) inapanda, hana pa kuogelea, na mwili unashindwa kukua inavyopaswa. Kudumaa ni ugonjwa wadau, tusiuchukulie kama unafuu.

Mwaka 2015 fundi vioo wa hapa mjini alinitengenezea tangi la lita 400. Nikaongeza wawili ili wawe watano tena, maana lochi akiwa peke yake hujificha na hali chakula vizuri. Nikaanza kubadilisha theluthi ya maji kila Jumamosi bila kukosa. Ndani ya mwaka mmoja na nusu yule mkubwa alitoka sentimita 9 hadi 14. Baada ya hapo kasi ilishuka, sentimita moja kwa mwaka, mwaka mwingine hata haifiki. Leo ana 21. Simtoi kwenye maji kumpima: nimebandika kipande cha futi kamba kwenye kioo kwa nje, nasubiri apite karibu, napiga picha.

Tupeane: aina gani, umri, urefu, lita ngapi, unamlisha nini.

MamaWaSoweto (Moshi)

Asante kaka kwa uzi huu. Mimi nina lochi wanne aina ya yoyo, wale wa India wenye michoro myeusi ubavuni. Nina lita 200. Mwaka wa nne huu, mkubwa ana sentimita 12, wengine 10 hadi 11. Niliwaleta kwa ajili ya konokono waliojaa kwenye mimea, na kwa miezi mitatu konokono wote waliisha. Hapo ndipo nikajifunza kwamba lazima niwalishe mwenyewe. Nawapa peleti (punje za chakula) za kuzama, tango lililochemshwa kidogo, na uduvi wa kugandishwa nikipata. Ninawalisha baada ya kuzima taa, la sivyo samaki wengine wanamaliza kabla chakula hakijafika chini. Nadhani wengi wanaosema lochi wao hawakui, shida ni hii. Samaki anashinda njaa na mwenyewe hajui.

Sakina_Juu (Arusha)

Nina lochi wanane aina ya kuhli, wembamba kama nyoka wadogo. Sentimita 9 baada ya miaka mitatu, na sidhani kama wataongezeka sana. Tangi la lita 80, mchanga laini chini. Wawili walipotea miezi mitano nikawahesabu kuwa wamekufa, siku ya kusafisha filta ya nje nikawakuta humo ndani, wanene kuliko wenzao. Siku hizi mdomo wa bomba nimeufunika kwa sponji.

Ngaramtoni2 (Arusha)

Mimi naongelea baridi, kwa sababu huku kwetu chini ya Mlima Meru ndiyo inayotuharibia kazi. Lochi wa mistari anataka nyuzi 25 hadi 30. Mwezi wa saba usiku huku hushuka hata chini ya 12. Umeme ulikatika kuanzia magharibi hadi asubuhi, na hita yangu moja tu ilikuwa imeungua bila mimi kujua. Nilikuta maji yana nyuzi 18. Samaki wote sita wamelala ubavu. Kulala ubavu ni kawaida yao, wengi wanaogopa bure wakiona hivyo, lakini hawa hata nilipogonga mfuniko hawakuinuka.

Siku ya nne madoa meupe yakatokea. Lochi ana magamba madogo mno, dawa inamuingia kuliko samaki wengine, kwa hiyo nilitumia nusu ya kipimo kilichoandikwa, nikapandisha joto pole pole hadi nyuzi 30, na nikaongeza pampu ya hewa maana maji ya moto yana hewa kidogo. Niliokoa wanne. Wale wanne kwa mwaka mzima uliofuata hawakuongezeka chochote, walibaki kwenye sentimita 11. Ukiniuliza nini huzuia ukuaji, nitasema joto linalopanda na kushuka. Sasa nina hita mbili ndogo badala ya moja kubwa, na nyuma na pembeni nimeweka mbao za povu. Umeme ukikatika nafunika tangi lote kwa blanketi.

UsaRiver_Mkulima

Kwa baridi hiyo ndugu yangu, mimi nilihamia kwa lochi aina ya dojo. Huyu ni wa Asia mashariki, Japani wanamla kabisa, na maji ya nyuzi 18 hadi 22 ndiyo raha yake. Sina hita. Miaka miwili, sentimita 18, na anaweza kuvuka 25. Anameza hewa juu ya maji na kuipitisha kwenye utumbo, kwa hiyo hata pampu ikizima anastahimili. Kinachonifurahisha zaidi ni kabla ya mvua: mgandamizo wa hewa ukishuka anaanza kupanda na kushuka kwenye kioo bila kutulia. Msimu wa masika nimemzoea, nikimuona hivyo naanua mahindi. Funika tangi lakini, anaruka. Wangu mmoja nilimkuta sakafuni.

Mgeni_Tengeru

Wakuu shikamooni. Mimi ni mgeni. Nina lita 80 na nimewapenda hao wa mistari, wapo watatu dukani. Rafiki yangu ananiambia ninunue tu, wakizidi ukubwa nitawaachia Ziwa Duluti, liko jirani na nyumbani. Naombeni ushauri.

NjiroKwetu (Arusha)

Marahaba mdogo wangu, na asante kwa kuuliza kabla ya kununua. Nakuomba kwa dhati, Duluti hapana, wala mtoni hapana. Ziwa lile lina viumbe wake, na samaki wa dukani anaweza kupeleka magonjwa na vimelea ambavyo havikuwapo. Na yeye mwenyewe, maji ya huko usiku ni baridi kwake, utakuwa umemtupa akafe taratibu.

Kwa lita 80 chukua kuhli sita kama wa mwenzetu wa Sakina. Ukikuta wale lochi wadogo wa mnyororo, sentimita 5 hadi 6 ndiyo mwisho wao na wanaogelea mchana, ni wazuri sana. Wa mistari subiri uwe na lita 400 na zaidi.

Na siku utakapokuwa nao, usiwakamate kwa kinyavu. Chini ya jicho wana mwiba unaofunguka wakiogopa, unanasa kwenye wavu na kuwachana. Tumia jagi au ndoo.

Kiborloni_Binti (Moshi)

Nimesoma wote, naomba na mimi niseme. Lochi wa mistari nilionao ni wa baba. Aliwanunua nikiwa darasa la tatu, wakiwa saba, akawawekea tangi kubwa sebuleni. Baba alikuwa anakinga maji ya mvua kwenye simtanki kwa ajili yao tu, akayachanganya nusu kwa nusu na ya bomba, kwa sababu alisema wametoka kwenye maji laini. Hakuna aliyeruhusiwa kuyatumia, hata mama.

Baba alifariki, mimi sasa nina mtoto wa miaka minne, na samaki watano bado wapo. Ni mwaka wa 19. Jana usiku baada ya kusoma uzi huu nilibandika futi kamba kama alivyosema kaka wa Njiro. Mkubwa ana sentimita 24, mdogo 17. Nikiwawekea minyoo wanatoa sauti kama ya kugongagonga, tak tak tak, inasikika hadi jikoni, na mwanangu anakimbia akisema babu anaita. Hiyo aliipata kwa mama yangu.

Simtanki bado ipo. Nitawapima tena Desemba, niweke hapa.