Nilikuwa macho kwenye kisu, naambiwa "ni ndoto". Ndoto gani inajua bei ya ploti ya Mukono?

Wadau, leo sina salamu ndefu. Hili jambo limenifika shingoni.

Hospitali siitaji. Ni ya kulipia, upande wa Jinja, inatosha. Niliingizwa thieta, chumba cha upasuaji, usiku mbiombio kwa sababu mapigo ya mtoto yalikuwa yanashuka. Wakanichoma ganzi ya mgongo, haikushika. Waliponifinya tumbo nikapiga kelele. Ikaamuliwa nusukaputi, yaani nilazwe kabisa. Hapo sina ugomvi, mtoto alikuwa anaponyoka, wangefanya nini?

Ugomvi unaanza pale nilipozinduka tumbo likiwa wazi. Na sio kuzinduka kwa kufumbua macho, maana hayakufumbuka. Nikataka kusogeza kidole, wapi. Nikataka kulia, kuna mpira kooni na mashine ndiyo inanipumulia. Maumivu yalikuwepo, ya kuvutwa na kuchanwa, ila naapa kilichonitisha kuliko yote ni mwili kukataa amri yangu. Nilijua nimeshakufa, na kwamba hivi ndivyo maiti wanavyotusikia. Juu yangu musawo (daktari) mmoja anamwambia mwenzake kuna ploti Mukono wanataka milioni 38 na hati haijatoka. Mwenzake anamjibu asithubutu kutoa hata shilingi kabla hajaiona hati (ushauri mzuri, sikatai). Kisha sauti ya mwanamke ikahesabu pamba za kufutia damu, ikarudia, ikasema moja haionekani. Wakaitafuta mpaka ikapatikana.

Asubuhi nikamsimulia nesi. Nilipofika kwenye ploti, akaweka trei chini akatoka bila neno. Akaja mkubwa wao, hata kiti hakuvuta: "Nnyabo, hizo ni ndoto za dawa, zitaisha." Mama mkwe, maskini, akaleta mtu wa kuniombea mapepo yatoke. Mume wangu akasema tumshukuru Mungu mtoto ni mzima.

Sawa, ketamini, moja ya dawa za kulaza, inaleta ndoto za ajabu, waliowahi kuchomwa watakusimulia walivyoelea angani. Lakini ndoto haiwezi kunipa mazungumzo ya watu wawili ambayo wenyewe wakiulizwa wanaangalia dirishani.

Tangu hapo usingizi wangu wa usiku ni wa kubahatisha, kwa hiyo nasoma. Nusukaputi si dawa moja. Ipo ya kulaza, ipo ya kuzuia maumivu, na ipo ya kulegeza misuli ili mpira upite kooni na tumbo lisikaze. Hiyo ya kulegeza hailazi mtu wala haizuii maumivu. Ya kulaza ikipungua wakati ya kulegeza bado ina nguvu, mgonjwa anaonekana katulia kabisa kumbe anasikia kila kitu. Kwa mama anayejifungua hatari ni kubwa zaidi: dawa zinapimwa zisimlevye mtoto, zile kali za maumivu mara nyingi zinasubiri mpaka atoke, na kila kitu kinakwenda mbio. Uingereza na Ireland walichunguza nchi nzima, ripoti ikatoka 2014. Kwa nusukaputi zote, aliyeripoti kuzinduka alikuwa mmoja katika kama 19,000. Kwa upasuaji wa kujifungua, mmoja katika kama 670! Huko ambako mashine zimejaa. Hapa Uganda, utafiti uliochapishwa 2007 uliwauliza watu wa usingizi, wanaolaza wagonjwa wa upasuaji, kuhusu vifaa vyao, na asilimia 6 tu ndio walikuwa na vya kumhudumia salama mama wa upasuaji. Ni zamani, najua, lakini mnielewe kwa nini simrukii kijana aliyenilaza usiku ule.

Ninachokasirikia ni kukanushwa. Ripoti hiyohiyo ya Uingereza inasema mgonjwa kama mimi akutane na wahusika wamsikilize, wachunguze kilichotokea, kisha wamfuatilie. Na kuna maswali mafupi ya kumuuliza kila aliyetoka nusukaputi, yapo tangu 1970: kitu gani cha mwisho unakumbuka kabla ya kulala, cha kwanza ulipoamka ni kipi, katikati je, uliota chochote? Dakika chache tu. Mimi waliniuliza kama nimejamba, na kama bili nitalipa kwa simu.

Nimeomba nakala ya karatasi ya usingizi, ile ya kuandika dawa, saa, presha na mapigo. Nataka kuona moyo wangu ulikwendaje wakati wao wananunua ploti. Mara iko stoo, mara mwenye ufunguo kasafiri, mara "unataka kutushtaki?" Karatasi ya kuruhusiwa nyumbani imeandikwa hakuna tatizo lililotokea. Hiyo ndiyo inanitoa machozi, maana nikishika mimba tena kuna uwezekano nirudi kwenye kisu, na atakayenilaza atasoma hapo kwamba mara ya kwanza mambo yalikuwa shwari.

Mkataba wa haki za wagonjwa wa Wizara ya Afya upo tangu 2009, na sheria ya data binafsi ya 2019 inanipa haki ya kuona taarifa zangu. Nilipovitaja pale mapokezi, dada wa kaunta alicheka, si kwa ubaya, nadhani hakuwahi kuvisikia.

Mwenye kuja kuandika "shukuru Mungu mtoto mzima" apite, nyumbani nimeshaambiwa. Nawataka waliowahi kulipata faili lao kwa nguvu. Mliandika barua kwa mkurugenzi kwanza, au mlikwenda moja kwa moja? Madaktari wana baraza lao, na maofisa wa usingizi wako kwenye baraza jingine, la wataalamu washirika wa afya. Nianzie wapi, na je, hospitali inaruhusiwa kunitoza hela ya nakala?