Pipa la mafuta ghafi lilishuka, petroli ikapanda: nani atanipigia hesabu hii?

Ijumaa ya tarehe 15 Septemba 2023 tuliamkia petroli shilingi 211.64 kwa lita Nairobi. Sisi wa Mombasa twapunguziwa shilingi mbili tatu kwa kuwa meli zashukia mlangoni petu, eti tushukuru.

Na papo hapo wakaanza humu mtandaoni: "Ni dunia nzima, hata 2008 ilipanda." Haya, twende 2008. Mwezi wa saba pipa lilifika dola 147, petroli ikavuka shilingi 100 kwa lita, tukaambiwa tuvumilie. Disemba pipa likawa chini ya dola 40. Pampu ikashuka? Ilijikokota kama konokono, na wenye sheli wakavuna. Kelele zile ndizo zilizotuletea udhibiti wa bei mwisho wa 2010. Sasa kila tarehe 14 twangoja tangazo kama tunaotazamia mwezi wa Ramadhani, tofauti ni kwamba huu hauandami na kheri.

Sasa nisikizeni vizuri. Juni 2022, vita vya Ukraine vimepamba moto, pipa lilikuwa limepita dola 120. Nairobi petroli ilikuwa 159.12. Septemba 2023 pipa lilikuwa dola 90 na kitu, na petroli 211.64. Pipa chini, bei juu, shilingi 52 na senti!

Ruzuku ya petroli iliondolewa Septemba 2022. Julai 2023 VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya mafuta ikatoka asilimia 8 hadi 16. Asilimia 16 hiyohiyo ilijaribiwa Septemba 2018, watu wakapiga kelele, ikarudishwa 8 mwezi uleule. Kwa hiyo msiniambie haiwezekani kuipunguza. Dola nayo ilitoka shilingi 117 hadi 146, hilo nalikubali, lakini shilingi yetu haikuangushwa na Mrusi peke yake. Na ile tozo ya mafuta iliyopandishwa 2020 kutoka senti 40 hadi 5.40 kwa lita, si tuliambiwa ni akiba ya siku kama hizi? Iko wapi?

Mimi naendesha tuktuk ya mtu. Juni 2022 nikitia ya elfu moja nilipata lita sita na kitu, Septemba 2023 tano hazikufika. Mwenye chombo ataka hesabu yake ileile kila jioni. Abiria ukimuongezea kumi ateremka, aenda kwa miguu, na simlaumu, mfuko wake ni kama wangu.

Lakini lililonichoma zaidi ni mafuta ya taa. Yalipanda shilingi 33.13 kwa usiku ule mmoja, kuliko petroli, kuliko dizeli! Nani apikia mafuta ya taa nchi hii, tajiri? Jirani yangu wa maandazi siku ile hakuwasha jiko. Nilipita alfajiri, meza imefunikwa.

Atakayeandika "Ukraine" hapa chini aje kwanza na mchanganuo wa hizo shilingi 52.