Mjadala: Je, ndonya ya nyoka ya Waazteki irudishwe Mexico?

Mtunza Kale: Ndugu zangu, Makumbusho ya Metropolitan ya New York ilipata mwaka 2016 ndonya ya dhahabu, yaani pambo la kuvaliwa kwenye mdomo uliotobolewa, kazi ya Waazteki waliotawala Mexico kabla ya Wahispania; ina kichwa cha nyoka ambaye ulimi wake ulisubiwa ili ucheze. Nashikilia kwamba irudi Mexico. Mfalme wao aliitwa tlatoani, maana yake msemaji, na ulimi uliotikisika chini ya mdomo wa mkuu alipozungumza ulikuwa sehemu ya mamlaka yake, wala haukuwa urembo tu.

Kiongozi wa Zamu: Siungi mkono. Wenyewe waliita dhahabu teocuitlatl, yaani kinyesi cha miungu, na sioni kwa nini tuhangaikie kitu walichokidharau. Tena mtu anayejitoboa mdomo ili aning'inize nyoka ameukaribisha ushetani.

Mjukuu wa Newala: Hapo umenigusa pabaya. Bibi yangu, Mmakonde, alivaa ndonya kwenye mdomo wa juu hadi siku aliyozikwa, na kijiji kizima kilimjua kwa uchaji wake. Nyoka wa Edeni si nyoka wa kila taifa: kwa Waazteki, Xiuhcoatl, nyoka wa moto, alikuwa silaha ya Huitzilopochtli, mungu wa jua na wa vita.

Kiongozi wa Zamu: Bibi yako sikumtaja, na kama nimekuumiza nakuomba radhi. Lakini neno la kinyesi hamjalijibu.

Mwana wa Sonara: Nalijibu mimi, niliyekulia katika karakana ya usonara. Fundi wa Kiazteki alifinyanga kiini cha udongo na mkaa, akakivika nta na kuichonga kila gamba na kila jino, akaifunika kwa udongo tena, kisha akamimina dhahabu mahali nta ilipoyeyukia. Hakuna anayetaabika hivyo kwa kitu anachokidharau. Neno lile liliihusisha dhahabu na mwili wa mungu mwenyewe. Walioidharau kazi hiyo ni askari wa Cortés, Mhispania aliyewashinda Waazteki. Mche wa dhahabu wa kilo 1.93 uliofukuliwa jijini Mexico mwaka 1981 ni dhahabu waliyoiyeyusha, na hivyo ndivyo tai na nyoka wengi walivyopoteza sura zao.

Msomaji wa Ujiji: Nimekuelewa, ila dhahabu nyingi ya Waazteki ilikuwa ushuru kutoka nchi walizozishinda, Oaxaca ikiwamo, na huko Wamixteki walikuwa masonara hodari kabisa: kaburi namba 7 la Monte Albán, mji wa kale wa huko Oaxaca, alilolifungua mwanaakiolojia Alfonso Caso mwaka 1932, lilijaa kazi zao. Basi mnaposema irudi, mnataka irudi kwa nani?