Ushauri: neno la Kijapani la "nguvu" kwenye tisheti za judo na zawadi ya mwalimu

Mchapaji_Tanga

Wakuu, habari za jioni. Nina kibanda cha kuchapa tisheti, kofia na vikombe hapa Tanga. Nimepata oda ya klabu ya judo ya vijana: tisheti za watoto, vikombe vya mabinti wa timu, na taulo la kudarizi la kumuaga mwalimu wao Mjapani wa kujitolea, anarudi kwao mwisho wa mwezi. Wanataka kila kitu kiwe na kanji, yaani herufi za Kijapani zenye asili ya Kichina, yenye maana ya nguvu.

Mwenyekiti wa klabu kanitumia picha aliyoitoa mtandaoni: herufi mbili, 強力, na nyuma yake jua jekundu lenye miale iliyotapakaa pande zote. Kwenye vikombe anataka 女子力, kaambiwa ni "nguvu ya mwanamke". Programu ya kutafsiri kwenye simu imezikubali zote mbili. Lakini mimi sisomi Kijapani, na anayepewa zawadi amekisoma tangu utotoni. Sitaki apokee kwa heshima mbele ya watoto halafu taulo likaishie kabatini. Mwenye ujuzi anisaidie kabla sijawasha mashine. Kama kuna neno bora zaidi nipeni, nitaongea na mwenyekiti.

Mzee_wa_Nagoya

Umefanya vizuri kuuliza mapema. Nilisoma Nagoya na nikafanya kazi hukohuko, kwa hiyo haya maneno nimeishi nayo.

強力 husomwa kyōryoku. Maana ya nguvu ipo kweli, programu haijakudanganya. Ila Mjapani hulikuta neno hilo kwenye gundi, kwenye dawa ya kutoa madoa, kwenye utepe wa kubandikia. Ongeza herufi moja, 強力粉, unapata unga wa ngano wa kuokea mkate, uko kwenye rafu za kila supamaketi. Kwenye kifua cha mtoto wa judo halijakaa mahali pake.

女子力 achana nalo kabisa. Ni joshiryoku, na watu hulitumia kumsifu msichana anayejua kujipamba, kupika vizuri, mwenye leso na sindano ya akiba mkobani. Binti anayemrusha mwenzake kwenye mkeka anastahili maneno yaleyale wanayopewa wavulana. Usiwatengenezee lao.

Mkanda_Kahawia

Nacheza judo, hii imenigusa. Klabu ya judo haina haja ya kuokota neno mtandaoni wakati mwanzilishi mwenyewe ameacha maneno. Kanō Jigorō alianzisha Kodokan, shule ya kwanza ya judo, pale Tokyo mwaka 1882, na mafundisho yake yanabebwa na semi mbili. Ya kwanza ni 精力善用, seiryoku zen'yō: tumia nguvu zako zote kwa njia iliyo bora. Ya pili ni 自他共栄, jita kyōei: mimi na wewe tustawi pamoja. Utazikuta zimetundikwa ukutani kwenye dojo (kumbi za mazoezi) nyingi duniani.

Nguvu wanayoitaka imo humo ndani, herufi ya pili ni 力. Na inasema nguvu ya namna gani. Hata jina la judo linaanza na 柔, yaani ulaini, kunyumbuka. Mtoto mwenye kilo 30 anafundishwa kuvuta pale mwenzake anaposukuma, amtoe kwenye mizani kwanza, ndipo amrushe. Huyo mwalimu akiliona 精力善用 kwenye taulo atalitambua papo hapo, na atajua vijana walikuwa wanamsikiliza.

Mchapaji_Tanga

Ahsante sana, nimempigia mwenyekiti na kalipenda. Wasiwasi wake ni kwamba herufi nne zitakuwa ndogo kwenye tisheti za watoto wa miaka saba, minane. Anauliza kama tunaweza kuchukua mbili za mwanzo tu, 精力.

Mzee_wa_Nagoya

Hapana, mkuu. Hapo simama kabisa. Zikiwa nne pamoja ni mafundisho ya Kanō. Ukikata 精力 ikabaki peke yake, katika Kijapani cha leo inaelekea kwenye nguvu za kiume, zile za chumbani. Ndilo neno la kwenye vidonge vinavyouzwa kwa wanaume. Kwenye vifua vya watoto ni jambo zito, usilikubali hata wakikuongezea hela.

Nafasi ikiwa ndogo, tumia 力 peke yake. Inasomwa chikara, ni safi, na ni miongoni mwa kanji wanazojifunza watoto wa darasa la kwanza Japani. Nne kamili ziweke kwenye taulo na tisheti za wakubwa.

Fundi_Kariakoo

Upande wa mashine sasa, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu.

Ukikata vinili ya joto unageuza picha kama ya kwenye kioo kabla ya kukata. Vikombe vya sablimesheni, vile vya kuhamisha wino kwa joto, hivyohivyo. Ukiandika "TANGA" utaona mwenyewe kama imegeuka, lakini kanji kama huisomi utabandika kinyume bila kujua. Kwa 力 angalia hivi: mguu mrefu unaanzia juu na kuteremka kushoto, na ile kona ya kulia inaishia na kindoano kinachoingia ndani. Ukiuona mguu mrefu unateremka kulia, imegeuka.

La pili, kichwa cha 力 lazima kitokeze juu ya mstari wa mlalo. Programu ya kufuatisha picha hupenda kukila hicho kipande, au wewe mwenyewe unakifuta ukidhani ni uchafu. Kikiisha unabaki na 刀, ambayo ni upanga. Kwa hiyo usifuatishe picha ya mtandaoni. Andika kwa fonti iliyochorwa kwa ajili ya Kijapani, Noto Serif JP ni ya bure na ina mistari mizuri. Fonti za Kichina huchora baadhi ya kanji tofauti kidogo, na msomaji anaona.

Kudarizi: 精 ina mistari 14 na 善 ina 12. Ukizishona ndogo uzi unajaa, inakuwa donge. Kwenye taulo, ambalo lina manyoya, zipe kila moja angalau sentimita nne, weka karatasi ya kuyeyuka juu ili uzi usizame, na ushone sampuli kwenye kitambaa chakavu kwanza.

Mkanda_Kahawia

Na hilo jua la miale liondoe. Ile ni alama ya jeshi la Japani la enzi za vita, na Wakorea na Wachina wengi inawaumiza mpaka leo. Kumbi nyingi za judo hutumiwa pia na wenzetu wa taekwondo, mchezo wa Kikorea. Siku akija mkufunzi wao kutoka Korea na watoto wako wamevaa hiyo, utamweleza nini? Kama mnataka rangi, duara jekundu tupu linatosha.

Mzee_wa_Nagoya

Naunga mkono. Nyongeza kuhusu mwalimu: jina lake usilitafute kwenye kamusi. Majina ya Kijapani yanayotamkwa sawa huandikwa kwa kanji tofauti, kwa hiyo mpeni karatasi aliandike mwenyewe, mseme ni kwa ajili ya kumbukumbu za klabu. Majina ya watoto yanakwenda kwa katakana, herufi za sauti za kuandikia majina ya kigeni: Juma ni ジュマ, Zuhura ni ズフラ. Mkitaka kumpa na vikombe, viwe vitano. Vinne ni shi, inasikika kama kifo.

Na kama bajeti inaruhusu, mfungieni na doti ya kanga yenye jina zuri. Taulo lina maneno ya kwao. Kanga itakuwa na maneno ya kwetu.

Mchapaji_Tanga

Mmenisaidia mno. Mwenyekiti kakubali yote, jua limeondoka, vikombe vya mabinti vinakuwa na 力, na mkewe anakwenda sokoni kesho kutafuta kanga. Kwenye taulo nimezipanga mbili mbili ili zijae vizuri kwenye kona: safu ya kushoto 精 juu na 力 chini, safu ya kulia 善 juu na 用 chini. Niendelee?

Mzee_wa_Nagoya

Badilisha safu. Maandishi ya wima husomwa kuanzia kulia. 精力 iwe kulia, 善用 kushoto. Ukishageuza tuma picha hapa kabla hujashona.

Mchapaji_Tanga

Nimegeuza. Nashona sampuli usiku huu, picha naiweka asubuhi.